"Kesho mie siendi": kisa cha siku tatu Ol Pejeta

Maneno hayo aliyasema Bibi saa mbili usiku, amejitanda leso mbili juu ya sweta la mjukuu wake, miguu kaielekeza kwenye moto wa kambi. Hakuyasema kwa hasira. Aliyasema kama mtu anayekataa kikombe cha pili cha chai. Mwanawe aliinamisha uso, mkamwana wake akaniangalia mimi, nami nikaiangalia karatasi ya ratiba niliyoichapa mwenyewe juma lililotangulia. Kesho yake ilisomeka hivi: saa kumi na mbili asubuhi hadi saa sita mchana, kuzunguka na gari kutazama wanyama. Saa tisa alasiri hadi saa kumi na mbili jioni, kuzunguka na gari kutazama wanyama.

Kazi yangu ni kuwapangia wenyeji safari: familia za Nairobi na Mombasa, vikundi vya akina mama, maharusi wachache. Kisa hiki nakieleza kirefu kwa sababu ratiba ile haikuwa mbovu kwa kipimo cha kazi yetu. Wapangaji wengi wangeitia sahihi. Hata hivyo ndani ya siku moja iliwachosha watu sita waliokuwa wamekusanya pesa mwaka mzima ili wapumzike, na makosa yake ni yangu, si ya hifadhi wala ya kambi wala ya dereva.

Ilikuwa Agosti 2023. Bibi wakati huo alikuwa na miaka 71, mzaliwa wa Mombasa, na alikuwa amepanda treni ya SGR hadi Nairobi siku mbili kabla. Mwanawe na mkewe wanaishi Nairobi. Watoto ni watatu: msichana wa miaka 16, mvulana wa 13, na kitinda mimba wa 8. Baba mtu ndiye aliyenipigia simu, na ombi lake lilikuwa fupi. Watoto waone simba, mama yake aone kifaru. Nikamwuliza siku ngapi na bajeti kiasi gani. Sikumwuliza lingine.

Nilichagua Ol Pejeta bila kufikiri sana, na uchaguzi huo mpaka leo naona ulikuwa sahihi. Iko Laikipia, karibu na Nanyuki, katikati ya Mlima Kenya na safu ya Aberdare. Ukitoka Nairobi na mapema unafika kabla ya adhuhuri. Ni ardhi ya ekari 90,000 hivi, yaani takriban kilomita za mraba 360, na vifaru weusi humo wanapita 100, wengi kuliko hifadhi nyingine yoyote ya Afrika Mashariki. Ndio mahali pekee Kenya pa kuwaona sokwe. Tena ni hifadhi ya binafsi, si mbuga ya taifa, na tofauti hiyo kwa mgeni si ya jina tu. Kwenye mbuga nyingi za taifa, kwa kawaida mgeni haruhusiwi kuzunguka usiku, wala hashuki garini ila pale palipotengwa. Kwenye hifadhi kama hii unaweza kutoka usiku na mwongozaji, kutembea kwa miguu ukiwa na askari mwenye bunduki, kuwafuata watafiti wa simba, kutazama mbwa wa kunusa nyayo wakifanya mazoezi. Nilipachagua kwa ajili ya mambo hayo. Kisha nikakaa mezani nikaandika ratiba ya jambo moja: gari.

Siku ya kwanza ilikwenda hivi. Tulitoka Nairobi saa kumi na moja na nusu alfajiri, gari la watalii lenye paa la kufunguka. Thika, Sagana, Karatina, hadi Nanyuki saa nne na nusu. Chai, choo, tukaendelea. Langoni tulifika saa tano na nusu, na kwa kuwa nilitaka "wapate thamani ya kiingilio", sikuwapeleka kambini. Tuliingia moja kwa moja kutafuta wanyama, chakula cha mchana kikiwa kwenye vikasha vya karatasi mapajani.

Saa sita hadi saa tisa, jua la Laikipia ni kali hata kama hewa ni baridi, na mnyama mwenye akili yuko kivulini. Simba ndio kabisa. Sehemu kubwa ya mchana wao ni kulala. Na sehemu kubwa ya Ol Pejeta si uwanda wazi kama watu wanavyoiona Mara kwenye picha. Ni udongo mweusi uliojaa vigunga vifupi, vile vyenye vinundu vya mashimo ambavyo upepo ukipita hupiga mluzi. Simba akilala chini yake, hatua ishirini zinatosha kumficha.

Saa saba na nusu nikawapeleka kwenye makao ya sokwe. Yalikuwa yamefungwa. Hufunguliwa kwa muda asubuhi na kwa muda alasiri, si kutwa, na mimi nilikuwa nimeyachomeka pale kwa sababu ndipo palipokuwa na nafasi kwenye karatasi. Tukageuza.

Halafu ikaja redio. Madereva wa watalii wana redio za upepo, na dereva wangu akasikia kuwa simba wameonekana upande wa pili. Baba akasema twende. Dakika arobaini za vumbi na mashimo, Bibi akishika chuma cha kiti cha mbele kwa mikono miwili, tukafika tukakuta nyasi zilizolala na magari mawili yanayoondoka. Katika mbio hizo tulipita twiga sita bila kusimama. Baadaye vifaru weupe wawili walivuka barabara mbele yetu, hatua thelathini hivi, na kitinda mimba alikuwa amelala mdomo wazi. Mvulana alikuwa akicheza na simu. Tuliingia kambini saa kumi na mbili jioni. Ukiondoa ile chai na vituo vya choo, watu hawa walikuwa wameketi garini kwa muda wa saa kumi na mbili.

Kwa hesabu ya wanyama, ilikuwa siku nzuri. Vifaru, twiga, nyati, kongoni, punda milia, mbweha. Ningeweza kumwekea baba alama za vyeki mbele ya kila jina. Wapo waongozaji wanaofanya hivyo, na watu wakiita waongozaji "magaidi" kwa utani, kwa kulipindua neno la Kiingereza "guide", siku kama hiyo utani unakaribia ukweli: umewateka watu sita, umewazungusha porini, na unawahesabia mateka wengine.

Kwa hiyo Bibi aliposema haendi, sikuwa na la kumjibu. Mkamwana naye akapata ujasiri. Akasema yeye angependa alale mpaka jua litoke, kwani hajalala hivyo tangu shule zilipofungwa. Msichana akauliza kama ni kweli hapa watu hutoka usiku. Mvulana akauliza swali ambalo nilitamani ningelisikia kwenye simu wiki mbili kabla: wale watu wa redio, simba waliwajuaje walipo? Mdogo alitaka kumgusa mnyama, yeyote. Mwongozaji wa kambi, kijana wa huko huko Laikipia, alikuwa amechutama pembeni akichochea moto. Alisikiliza yote, akaomba ile karatasi yangu, akaigeuza upande mweupe, akaanza kuandika.

Jambo la kwanza alilofanya ni kuigawa familia. Wapangaji hatupendi kuigawa familia. Tunaona kama tumeivunja likizo. Lakini watu sita wenye umri wa kuanzia miaka 8 hadi 71 hawana mwili mmoja, na gari moja linawalazimisha wawe nao.

Alfajiri ya siku ya pili, baba, msichana na mvulana waliondoka na gari la watafiti wa simba. Nafasi hizo ni chache na huwekwa mapema. Tulizipata kwa bahati, kundi jingine lilikuwa limeahirisha. Nilikwenda nao. Katika kila kundi la simba linalofuatiliwa, jike mmoja huvishwa kola ya redio. Mtafiti anasimama juu ya gari na antena mkononi, anaigeuza polepole kama mtu anayetafuta stesheni ya televisheni zamani, na kifaa kinatoa mlio. Ukielekea sawa, mlio unakuwa mkubwa. Mvulana alipewa antena dakika ya kumi. Dakika ya kumi na mbili alikuwa amesahau kuwa ana simu.

Njiani tulipita ng'ombe. Msichana akashangaa: ng'ombe, hapa? Ol Pejeta hufuga ng'ombe wa Boran kwa maelfu, pamoja na wanyamapori, na usiku huwaingiza kwenye maboma ya vyuma yanayohamishika. Boma likikaa mahali siku kadhaa kisha likahamishwa, mbolea iliyobaki huotesha nyasi nzuri ambayo hudumu miaka. Swala na punda milia huifuata nyasi hiyo, na anayekula swala huwafuata swala. Mtafiti alikuwa akituelekeza kwenye uwanja wa kijani wa namna hiyo, na ukingoni mwake tukawakuta: majike wanne na watoto watatu, matumbo yameshiba, wanalambana.

Hapo sasa tukafanya kitu ambacho jana kisingewezekana. Tulikaa. Mtafiti akawaonyesha watoto kwamba juu ya mdomo wa kila simba kuna vidoa pale ndevu zinapoota, na mpangilio wa vidoa hivyo haufanani kati ya simba na simba, kwa hiyo hutumika kama alama ya kidole ya mtu. Mvulana akapewa fomu: saa, mahali, idadi, hali ya tumbo, wanafanya nini. Aliandika kwa makini kuliko mtihani. Baba yake, aliyekimbiza simba jana nzima, alikaa nusu saa bila kupiga picha zaidi ya tatu. Nadhani mtu aliyepewa kazi ya kufanya humwona mnyama tofauti na mtu aliyepewa kiti. Nadhani tu, lakini tangu siku ile nimeliona mara nyingi.

Kambini tulirudi saa tatu na nusu tukiwa na habari yetu kubwa. Tukakuta Bibi ana yake.

Kambi ile inatazama bwawa la maji, na Bibi alikuwa ameamka kusali alfajiri. Alipomaliza aliomba kiti kitolewe barazani, akaletewa blanketi, chupa ya maji moto ya kuweka miguuni na chai ya maziwa yenye tangawizi. Huko ni juu, takriban mita 1,800, na mtu wa pwani mwezi wa nane anaihisi kila mita moja. Mlima Kenya ulikuwa wazi kabla mawingu hayajaufunika. Akakaa na tasbihi yake. Walikuja ngiri na watoto wao, wanapiga magoti kula. Akaja twiga, akatanua miguu ya mbele kunywa maji, na Bibi alituigiza kwa mikono namna alivyokuwa akisita, akiinama na kuinuka, "kama mtu aliyevaa kanzu mpya." Kisha ndovu.

"Walikuwa kumi na mmoja," alisema. "Nimewahesabu kwa tasbihi, msinibishie. Na mdogo wao hajui kuutumia mkonga, akinywa kwa mdomo."

Kitinda mimba, aliyekuwa amekaa miguuni pake muda wote huo, alithibitisha. Mwongozaji alikuwa amewaeleza kwamba ndovu wale si mateka wa uzio. Upande wa kaskazini uzio una vipenyo vyenye vigingi vifupi vilivyopangwa karibu karibu; ndovu hupita akaenda zake Laikipia ya juu na kurudi, na wengine vilevile, ila kifaru ambaye hawezi kuvivuka, na ndiyo maana vikawekwa hivyo. Jambo hilo nilikuwa nalijua miaka mingi. Sijawahi kumweleza mgeni, kwa sababu kwenye gari linalokimbia hakuna nafasi ya kueleza uzio.

Alasiri, saa ambayo lango lilikuwa wazi, tulirudi kwa sokwe. Sokwe si wanyama wa Kenya kwa asili. Makao haya yalianzishwa 1993 kwa ushirikiano wa Ol Pejeta, shirika la wanyamapori la KWS na Taasisi ya Jane Goodall, na wa kwanza kuletwa walitoka Bujumbura, kituo chao kilipolazimika kuondolewa kwa sababu ya vita vya Burundi. Wengine waliofuata waliokolewa kwenye vizimba, kamba na nyumba za watu nchi mbalimbali. Wako makundi mawili, na mto Ewaso Nyiro unawatenganisha. Msichana aliuliza mbona hakuna vichanga, akaambiwa majike huwekewa dawa za kuzuia mimba, kwa sababu hapa si pa kuzalisha sokwe, ni pa kuwatunza waliookolewa, na nafasi ikijaa hakuna wa kuokolewa tena. Alilichukua jibu hilo kimya. Bibi hakupapenda. "Wanafanana na watu mno," alisema, akarudi garini baada ya robo saa. Hilo nalo si kosa la mtu. Si lazima kila aliyelipa kiingilio apende kila alichoonyeshwa, na jana nisingempa ruhusa ya kuondoka.

Kwa Baraka ndiko alikokaa.

Baraka ni kifaru mweusi aliyepoteza jicho moja kwa kupigana na mwenzake, na la pili likaharibiwa na mtoto wa jicho. Kipofu hawezi kuachwa porini, hivyo aliwekwa kwenye eneo lake mwenyewe, akawa ndiye kifaru wa kukutana na wageni badala ya Morani aliyekufa 2008. Kuna jukwaa la mbao. Unapanda vidaraja vichache, anaitwa jina, anakuja akifuata sauti na harufu, na unamlisha kwa mkono. Kwa kawaida kifaru mweusi hakaribiwi. Ni mkali na mwenye wasiwasi, na siku ya kwanza tulimwona mmoja kwa mbali akiingia kichakani kinyumenyume. Huyu alitoa mdomo wake wa juu uliochongoka, ule wanaotumia kukatia majani, akaushika mchane wa majani mkononi mwa kitinda mimba kwa adabu kubwa. Mtoto akamgusa pembe. Ombi lake la usiku wa moto likawa limetimia.

Bibi mwenyewe alikuwa amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho mwaka uliotangulia. Sikuwa na habari hiyo. Alipoambiwa habari za Baraka aliuliza kama lile la pili halikuweza kutolewa, na akasimama pale kwenye mbao, magoti na yote, muda mrefu kuliko sote, akimlisha na kumsemesha: "Pole, baba. Haya, kula. Pole." Mwanawe alinong'ona kuwa mama yake hajasimama hivyo tangu harusi yake. Basi ule mwadi wa "mama aone kifaru" jana tuliutimiza kwa mbali kupitia kioo chenye vumbi, mara tatu, na haukuhesabika.

Usiku, baada ya chakula, mkamwana na watoto wawili wakubwa walitoka na gari la hifadhi. Hapa nitapita haraka, kwani usiku hauelezeki vizuri. Mwongozaji hushika kurunzi yenye kioo chekundu, akaipitisha juu ya nyasi, na macho yanarudisha mwanga, kwa sababu wanyama wengi wa usiku wana tabaka nyuma ya jicho linaloakisi. Akiona ni swala anaondoa mwanga mara moja, maana ukimpofusha swala umempa fisi karamu. Waliona nungunungu wawili, bweha masikio, fisi, sungura wengi. Simba hawakuona, na hakuna aliyeuliza. Mama mtu alirudi na blanketi kichwani akisema ndizo saa mbili za kwanza tangu Aprili ambazo hakuna aliyemwita.

Siku ile ya pili gari letu halikufikisha nusu ya kilomita za siku ya kwanza. Malipo yalikuwa makubwa zaidi, hilo lazima nilieleze: shughuli kama za simba na za usiku hulipiwa mbali na kiingilio, na kwa familia ya mshahara si kitu kidogo. Kama ningejua mapema ningepunguza usiku mmoja wa kambi au ningechagua mahema ya bei nafuu, nikahamishia pesa huko. Nilifanya kinyume. Nilinunua vitanda vizuri na mafuta mengi.

Asubuhi ya siku ya tatu tulikwenda kwa Najin na Fatu. Nilisita kuwapeleka, nikihofia kuwafungia likizo kwa huzuni. Ni vifaru weupe wa kaskazini, mama na binti, na duniani wamebaki hao wawili tu. Walikuja Desemba 2009 kutoka bustani ya wanyama ya Dvůr Králové, Jamhuri ya Czech, pamoja na madume wawili, kwa matumaini kwamba nyasi na jua la Afrika vingewarudishia uzazi. Suni alikufa 2014. Sudan, dume la mwisho, alikufa tarehe 19 Machi 2018 akiwa na miaka 45. Najin miguu yake ya nyuma ni dhaifu, na Fatu ana matatizo ya mfuko wa uzazi, kwa hiyo hakuna anayeweza kubeba mimba. Wanaishi kwenye eneo la ekari 700, na wana askari wenye silaha usiku na mchana. Wageni huingia wachache kwa wakati, na gari linasimama karibu.

Kitu kilichonishangaza ni kwamba wageni wangu hawakuhuzunika. Vifaru wale walikuwa wakila. Wanakula kwa sauti, nyasi zinakatika kwa mdomo mpana kama mtu anayefyeka. Mvulana alitaka kujua habari za mayai, akaelezwa: mayai yanatolewa kwa Fatu peke yake sasa, maana Najin alistaafishwa 2021, yanarutubishwa maabara Italia kwa mbegu za madume waliokwisha kufa zilizogandishwa, na kiinitete kitahitaji tumbo la kifaru mweupe wa kusini. Januari iliyofuata watafiti walipotangaza kuwa wamefanikiwa kupandikiza kiinitete cha kifaru wa kusini, mimba ikafika siku 70 kabla mama mbebaji hajafa kwa maambukizi ya bakteria, ni yule mvulana aliyenitumia habari hiyo kabla sijaiona kwingine.

Bibi aliuliza maswali mawili. La kwanza, kama mama na binti wanalala pamoja. Akaambiwa ndiyo. La pili alimwuliza mtunzaji, kijana mwenye buti zilizochakaa: "Na wewe, mwanangu, wako wanalala na nani ukiwa huku?" Kijana akacheka, akasema wako kwa bibi yao. Wakaongea hayo mpaka muda wetu ukaisha, na vifaru wawili wa mwisho duniani wakawa nyuma yao wanakula.

Limebaki jambo moja ambalo sikulirekebisha. Kwenye simu, wakati wa kuwavutia wateja, nilimwahidi baba "matembezi porini na askari". Sikuuliza umri. Kambi nyingi hazimpeleki mtoto chini ya miaka 12 kwa miguu, na sababu ni ya wazi: ukikutana na nyati, mwongozaji anahitaji watu watakaosimama pale anapowaambia wasimame. Kitinda mimba asingekwenda, hilo lingeeleweka. Mvulana angeweza. Lakini matembezi yanataka askari aliyepangwa mapema na asubuhi nzima isiyo na kitu kingine, na asubuhi ya kwanza niliitumia barabarani, ya pili ikawa ya simba, ya tatu ikawa ya Najin na Fatu. Nilimweleza mvulana hivyo akiwa anafunga mkoba.

"Lakini ulisema tutatembea," alisema.

"Nilisema."

Langoni, wengine wakipiga picha, alikaa peke yake upande wa dirisha na ile nakala ya fomu ya simba aliyoruhusiwa kubaki nayo. Kila akinitumia ujumbe, humalizia kwa kunikumbusha deni lake. Siku hizi mteja akinipigia, kabla ya siku na bajeti namwuliza ni akina nani wanaokuja, miaka yao, magoti yao, na saa ngapi huamka wakiwa hawana kazi. Wengine huona ni udadisi.